Pakiti ya kuzuia damu ya laki nne na ishirini: miezi 14 kwenye trela, kipi kilifaa na kipi kilikuwa feki

Mimi ni dereva wa trela, barabara ya Malaba mpaka Kampala mwaka wa 11 sasa, na mara moja moja tunapanda mpaka Elegu. Hii naandikia madereva wenzangu na matanboi, yaani wasaidizi wetu wa trela, na vijana wa boda, lakini hata kama wewe uko na gari ndogo tu ya kupeleka watoto shule soma, maana wengi mmeniuliza ile pakiti nyekundu nyuma ya siti yangu ni ya nini, nilinunua wapi, na kama pesa yake inastahili.

Nilinunua Kampala kwa duka moja la vifaa vya hospitali, jina sitalitaja, mtaelewa huko mbele. Laki nne na elfu ishirini za Uganda, hakupunguza hata mia. Ndani kulikuwa na mkanda wa kukaza mguu au mkono ili damu isimame, ule wasawo, yaani madaktari na manesi, wanaita tonike, halafu shashi moja ya kugandisha damu ya QuikClot, bandeji pana ya kukandamiza, makasi, glavu jozi mbili, lile blanketi la karatasi ya kung'aa kama ya chokoleti, plasta na spiriti. Nimetembea nayo miezi 14 na nimeitumia kwa ukweli mara mbili, kwa hiyo haya ninayosema sikusoma kwa karatasi ya ndani tu.

Kwanza kwa nini nilinunua. Mwaka juzi usiku kwa msitu wa Busitema boda na Probox ziligongana, sisi tulikuwa gari ya tatu kufika. Kijana wa boda mguu umepasuka juu kidogo ya goti, damu inaruka, inaruka kwa mapigo, watu wamesimama na tochi za simu. Mzee mmoja alikuwa na akili akachana kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli akafunga, Mungu ambariki alifanya kuliko sisi wote, lakini alifunga chini ya kidonda. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba inafungwa juu, upande wa moyo. Tulimpakia kwa pikapu tukaondoka mbio na akafa kabla hatujafika Bugiri. Alikuwa ananiambia niko na kiu, niko na kiu, mpaka akanyamaza. Baadaye ndio nikajua ile kiu ni damu imeisha mwilini. Mpira ulikuwepo, mikono ilikuwepo, tulikosa kujua tu, na hii kitu sijaweza kuitoa kichwani.

Sasa tuje kwa tonike, ndio kitu cha kwanza cha kuangalia ukinunua pakiti yoyote. Ile iliyokuwa ndani ilikuwa imeandikwa CAT, na CAT ni ya ukweli, ni ya Marekani, jeshi lao wanaitumia miaka mingi na huko kwao bei ni kama dola 30. Lakini kwa sababu ni maarufu ndio inaigizwa kuliko zote. Nilifika nyumbani nikasema wacha nijaribu, nikaivaa kwa paja langu, mama watoto ananisomea karatasi, nikazungusha kile kijiti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kikapinda kama kijiko cha plastiki halafu kikakatika pap. Velkro nayo ilikuwa imeshaanza kuachia. Wazia hio ikatike Busitema saa nane usiku na mtu yuko chini. Nilirudi dukani na vipande vyake kwa kavera, ule mfuko wa plastiki, mwenye duka akaniambia ati mimi ndio nimekaza sana. Ndugu yangu, hio kitu kazi yake ni kukazwa sana! Hakunirudishia pesa. Ndio maana hii pakiti siwezi kuipa zaidi ya nyota mbili na nusu hata kama vitu vingine ndani vilikuwa sawa, mtu anayeuza feki ya kitu kama hiki anauza kaburi na anajua.

Vile utajua feki, angalia kijiti kwanza. Cha ukweli ni kinene, kigumu, kina mistari ya kushikia, ukikipinda kwa vidole vyote hakisikii. Feki ni laini na kinang'aa. Angalia kale kaplasta ka kuandika saa, angalia kama kuna namba ya toleo, na angalia bei, maana mtu akikuambia CAT elfu thelathini na tano hapa Kampala hakuna hesabu inayoweza kutoka pale, kitu kinauzwa karibu laki na kitu kwao kabla hata ya kusafiri. Mimi ya pili niliagiza kupitia binamu aliyekuwa anatoka Uingereza, ikanifika kwa laki moja na nusu, nimeijaribu kwa paja mara nyingi sana na mguu unakufa ganzi kabla kijiti hakijapinda. Halafu ile ya mazoezi na ile ya kazi zisiwe moja, sista aliyetufundisha alisema hivyo, ukishaivuta mara mingi inachoka.

Huyu sista nimtaje kidogo kwa sababu yeye ndio alinifaa kuliko pakiti yenyewe. Ni mama amefanya kazi wodi ya majeruhi miaka mingi, sasa anafundisha siku moja moja, elfu sitini kwa mtu, unaleta chakula chako. Tulikuwa saba. Alitulaza chini mmoja mmoja akasema kaza, mtu akalia uchungu, akasema "bado mzee, mgonjwa wako hata asipolia na damu inatoka hujafanya kitu, kaza tena." Nilikuwa nafikiri tonike ni kufunga kama unafunga turubai. Kumbe ni vidole viwili vitatu hivi kutoka kwa kidonda, upande wa moyo, usiweke kwenye goti lenyewe wala kiwiko, kama huoni kidonda vizuri panda juu kabisa karibu na kinena, zungusha mpaka damu isimame sio mpaka ipungue, andika saa, halafu usiiguse tena, usilegeze ati mguu upumue, mwenye kuifungua ni hospitali. Na nilikuwa nimesikia miaka yote kwamba ukimfunga mtu lazima mguu ukatwe. Alituambia mpaka masaa mawili mguu huwa uko salama kwa kawaida, na kutoka Naluwerere pale Bugiri mpaka hospitali si masaa mawili hata kukiwa na foleni. Ile ya waya na kamba nyembamba ndio inaumiza, inakata nyama na bado damu ya ndani inapita. Kama huna pesa ya CAT, chukua kitambaa kipana kama vidole vitatu na kijiti kigumu cha kuzungushia. Tulifanya na leso na spana namba 13, ikashika.

Shashi ya QuikClot. Sijaifungua mpaka leo kwa hiyo sitawadanganya ati imeokoa mtu kwa mkono wangu. Hii ndio ilibeba bei ya pakiti, ukiuliza peke yake wanakutajia kama laki moja na tisini, na ina tarehe ya kuisha, yangu imebakiza mwaka na kidogo. Ni shashi kama zingine lakini imepakwa kaolini ambayo inafanya damu igande haraka, unaisukuma ndani ya kidonda kirefu mahali tonike haifiki, kama kinena au kwapa, unashikilia kwa nguvu dakika tatu bila kuchungulia. Zamani ilikuwa unga wa kumwaga, wa madini mengine, ulikuwa unapata joto mpaka unachoma nyama, ndio wakabadilisha, na jeshi la Marekani likachukua hii ya shashi mwaka 2008. Kuna ingine inaitwa Celox, hio wanatoa kwenye maganda ya uduvi.

Nikisikia kaolini nilishtuka maana kaolini ni udongo mweupe, na udongo huo sisi tunao, Mutaka kule magharibi uko kwenye vilima vizima. Yaani udongo tunaukanyaga halafu shashi yake inatufikia kwa laki mbili. Najua si udongo tu, kuna kuusafisha, kuua vijidudu, kuufunga kwa pakiti isiyoingiza hewa, na kuna majaribio ya kulipia. TAFADHALI mtu asichukue udongo kupaka kidonda, utamuua na pepopunda. Lakini siku moja mtu wa Makerere au wa kiwanda chetu achukue hii hesabu aifanye, mimi nitanunua wa kwanza.

Kwa saa hii ushauri wangu kwa dereva wa kawaida: hio laki moja na tisini usiitoe. Sista alituonyesha shashi ya kawaida ya famasi, roli tatu za elfu mbili mbili, unajaza kidonda mpaka chini kabisa kama unaziba tobo la tenki, halafu unaweka uzito wa mwili wako wote juu dakika kumi ukiangalia saa, sio dakika kumi za kukisia. Ni kazi, mikono inatetemeka. Lakini inafanya. Ile ya gharama inakupunguzia muda na inasaidia pale damu inagoma, si kwamba bila hiyo mtu hana tumaini.

Vingine haraka haraka. Makasi butu, haikukata hata jinzi, nimeweka ya fundi cherehani. Glavu ndogo, mkono wangu hauingii, nunua boksi la saizi kubwa. Spiriti na plasta ni za kujaza nafasi. Bandeji pana ya kukandamiza ni nzuri sana na ndio nilitumia mara ya kwanza, Namawojjolo pale kwa wauza nyama, mama alianguka kwa boda kichwa kikapasuka, ilikuwa damu mingi ya kutisha lakini ngozi tu, nikakandamiza nikafunga akapelekwa Mukono yuko mzima. Blanketi la kung'aa nilikuwa nimelidharau, nikidhani ni la Wazungu na baridi yao, kumbe mtu akitoka damu mwili unapoa hata kwa jua la Tororo, na damu ikipoa haigandi vizuri. Liweke.

Sasa kitu ambacho hakikuwa ndani ya pakiti na ndicho nilitaka hasa kuandika.

Februari, Naluwerere, tunashusha mzigo, mabati yalichomoka kwa kamba yakamkata tanboi wangu paja kwa ndani. Huyu kijana ni mtoto wa dada yangu, mama yake alinikabidhi mimi. Saa kumi na dakika kumi jioni, najua kwa sababu niliandika kwa mkanda na kalamu ya maka. CAT ya binamu ilishika mzunguko wa tatu, alipiga kelele ya kuniua moyo lakini damu ikasimama. Blanketi, pikapu, tukaenda. Tulifika hospitali moja saa kumi na moja kasoro. Daktari kijana kabisa, kitu cha kwanza aliuliza mlifunga saa ngapi, nikamwonyesha mkanda, akasema vizuri mzee. Halafu akageuka akamwambia nesi lete TXA. Nesi akasema hapa kwa majeruhi hatuna. Daktari akafikiri kidogo akasema kimbia wodi ya uzazi, wao wanayo. Na kweli dakika chache nesi akarudi na ampuli mbili mkononi, wakaingiza polepole kwa mshipa kama dakika kumi, halafu mimi nikatumwa famasi ya nje kununua mbili zingine za kuweka kwenye dripu ya masaa nane. Elfu saba saba. Elfu kumi na nne nikalipa, na hata ningelipia zote nne ingekuwa elfu ishirini na nane.

Nilikaa pale benchi usiku nikawa najiuliza ni dawa gani hii ambayo wodi ya uzazi wanayo na majeruhi hawana, na ni bei ya kuku mmoja. Nikauliza daktari asubuhi, nikasoma, nikauliza tena sista. Wacha niwape vile nimeelewa.

Jina lake refu ni asidi ya traneksamiki. Mwili ukishagandisha damu kuna kitu kingine mwilini kinayeyusha ule mgando, na mtu aliyeumia vibaya hicho kitu kinazidi, mgando unayeyuka kabla haujaziba. Hii dawa inazuia kuyeyuka. Haikutoka juzi, ilipatikana Japani mwaka 1962, na mama mmoja daktari Utako Okamoto na mume wake Shosuke, walikuwa wanatafuta kitu cha kuzuia wanawake wasife kwa damu baada ya kujifungua. Wanasema alikuwa anaenda maabara na mtoto mgongoni. Lakini miaka mingi ikatumika kwa mambo madogo madogo, kama meno na hedhi nzito, na watu wa ajali hakuna aliyewajaribia sawasawa mpaka watafiti wa London walipofanya lile jaribio la CRASH-2, majeruhi 20,211 kwa hospitali 274 za nchi 40, majibu yakatoka 2010. Yaani miaka karibu 50 dawa iko kwa rafu.

Na majibu ni haya, soma polepole dereva maana yanakuhusu wewe zaidi ya daktari. Waliopewa ndani ya saa moja ya kuumia, waliokufa kwa kutoka damu walikuwa 5.3 kwa kila 100, na wasiopewa 7.7. Kati ya saa moja na saa tatu, 4.8 kwa 6.1, bado inasaidia. Ikipita saa tatu inageuka, waliopewa walikufa 4.4 na wasiopewa 3.1, yaani ukichelewa inadhuru! Kwa hiyo hii dawa ina saa ndani yake, na ile saa inaanza kuhesabu pale kwa lami, haianzii kwa geti la hospitali. Ndio maana ile saa niliyoandika kwa mkanda daktari aliiangalia kabla ya kuangalia kidonda.

Bei nayo walipiga hesabu, kuongeza mwaka mmoja wa maisha ya mtu kwa dawa hii ni dola 48 Tanzania, 64 Uingereza na 66 India. Tanzania hapo jirani zetu ndio rahisi kuliko wote. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani wakaiweka kwa orodha ya dawa muhimu. Halafu linganisha na ile dawa ingine ya kugandisha, NovoSeven ya kampuni ya Denmark, ilitengenezwa kwa watu wa hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, jeshi la Marekani wakaikimbilia huko Iraki kwa majeruhi, maelfu ya dola kwa dozi moja, na walipoifanyia jaribio kubwa la majeruhi ikabidi wasimamishe kabla haijaisha kwa sababu vifo havikupungua. Hio ya gharama iliingia kwa mikoba ya wanajeshi kabla ya ushahidi, na hii ya elfu saba yenye ushahidi mpaka leo nesi anaikimbilia wodi ingine. Mimi si mtu wa siasa lakini hii inaniuma. Dawa ambayo haina mtu wa kupata faida nayo haina mtu wa kuizungusha na kuisifia, inakaa kimya kwa rafu.

Kwa nini wodi ya uzazi walikuwa nayo, sista ndio alinieleza. Kulikuwa na jaribio lingine la akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, wanawake 20,060 kwa nchi 21, na Uganda ilikuwemo, majibu 2017. Yule mama Okamoto alikufa 2016, na miaka 98, hakuyaona. Kwa hiyo wakunga wetu wengi dawa wanaijua kabisa, wameishika. Watu wa majeruhi ndio inategemea umemkuta nani zamu. Yule daktari wetu kijana aliijua na alijua iko wapi, angekuwa mwingine sijui, na sikumlaumu nesi hata kidogo, alikimbia. Kama uko na ndugu anafanya kazi HC IV, yaani kituo kikubwa cha afya, au hospitali ya wilaya mwambie tu kwa upole, ampuli nne ziwe kwa droo ya majeruhi, zikiwa karibu kuisha tarehe wabadilishane na uzazi.

Na msiende kununua TXA mkachomana wenyewe barabarani. Naona kuna mmoja ameshaniuliza. Ni ya mshipani, inaingizwa polepole, ni kazi ya musawo. Kuna utafiti ulitoka 2021 ulionyesha kwamba hata ikichomwa kwa msuli inaingia damuni haraka, na ikithibitishwa siku moja labda mtu wa ambulensi au hata nesi wa HC II, kile kituo kidogo cha afya, ataweza kuipiga pale pale bila kutafuta mshipa kwa tochi. Hapo ndipo itakuwa imetufikia sisi wa barabarani. Kwa saa hii kazi yetu ni damu isimame na saa tatu zisiishe.

Damu ya kuongezea nayo, tunajua, inakusanywa na watu wa Nakasero, benki ya damu ya nchi, na inagawiwa bure lakini inaisha, hasa shule zikifunga maana wanafunzi ndio wanatoa sana. Kijana wangu alihitaji yuniti moja tu. Daktari alisema bila ule mkanda tungekuwa tunaongea mengine.

Turudi kwa pesa maana mliuliza kama inastahili. Kampala miaka ya nyuma watafiti walifundisha watu 307, polisi, madereva wa taksi na watu wa LC, yaani viongozi wa mtaa, huduma ya kwanza tu na vifaa vya kawaida, na hesabu waliyoitoa 2009 ilikuwa dola kati ya 25 na 75 kwa mwaka mmoja wa maisha. Iganga nako bodaboda walifundishwa, na ni akili sana kwa sababu boda ndio wanafika kwanza kila mara, hata kama ajali si yao. Kwa hiyo naweka mkono wangu hapa: kama uko na elfu sitini peke yake usinunue pakiti yoyote, nenda ukafundishwe. Ukiwa na elfu themanini, mafunzo na roli za shashi na glavu za mkono wako na maka na kitambaa kipana na kijiti kilichochongwa vizuri. Ukipata laki mbili na thelathini hivi ongeza CAT ya ukweli kutoka kwa mtu unayemjua uso. QuikClot ni ya kampuni, bosi ndio anunue, mabosi wanalipia bima ya mzigo wa mabati mamilioni na dereva na tanboi wanaachiwa plasta na spiriti.

Pakiti yangu ya laki nne na ishirini, nikitoa tonike feki, makasi na glavu, ilikuwa na vitu vya kama laki mbili na nusu ndani. Hamuihitaji. Tumeshaunganika madereva tisa wa Malaba, kila mtu elfu ishirini kwa wiki, oda ya kwanza ni CAT tisa kupitia yule yule binamu, na sista amekubali kuja Jumapili kwa yadi kutufundisha pamoja na matanboi, elfu hamsini kwa kichwa tukifika kumi na tano. Tuko kumi na mbili. Nafasi tatu zipo, vijana wa boda wa steji ya kwa geti mnakaribishwa kwanza.

Kijana amerudi kazini Mei, anachechemea kidogo asubuhi. Maka niliyotumia Februari ilikuwa imeshaanza kukauka, ile namba kumi niliiandika mara mbili ndio ikasomeka. Nimenunua mpya mbili, moja nimeifunga kwa uzi kwenye mkanda wenyewe.